Doa la Manjano

Jioni moja ya mwezi wa Mfunguo Mosi, wakati huo nikiwa kijana wa masomo niliyedhani kwamba aliyekwisha kukihitimu kitabu cha kemia hana tena la kufunzwa na mtu, nilirudi nyumbani kutoka karamu ya arusi na doa la mchuzi wa biriani kifuani mwa kanzu mpya, doa lenye ukubwa wa sarafu na rangi ya manjano iliyokoza, kwani mpishi wa siku ile hakuwa na mkono wa birika katika kutia viungo. Nikachota maji, nikalipaka doa sabuni ya mche, nikalisugua kwa bidii. Nalo, badala ya kufifia, likageuka jekundu mithili ya damu mbichi, hata nikajitazama kifua nikidhani nimejikuna.

Nikamwendea bibi yangu, aliyekuwa barazani akichambua mchele wa daku la saumu sita za mwezi ule.

“Shikamoo, bibi. Nguo yangu imetoka damu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nione.” Akaishika ile nguo, akaigeuza upande wa pili, akacheka. “Hakuna damu hapa. Ni manjano, na sabuni imeyakasirisha. Nenda kaniletee ndimu.”

Akaikata ndimu, akaikamua nusu yake juu ya doa, na kabla tone la mwisho halijaanguka wekundu wote ulikuwa umekwisha, na umanjano umerudi pale pale ulipokuwa, kana kwamba haukupata kuondoka. Nami niliyekuwa na mtihani wa kemia baada ya mwezi mmoja nilisimama kimya, maana nilitambua kwamba bibi amenionyesha jambo ambalo kitabu changu kilikuwa na jina lake, lakini mimi sikuwa na maana yake.

Maneno yenyewe tuyapange kwanza. Tindikali, ambayo vitabu vya shule siku hizi hupenda kuiita asidi, ni kitu ambacho kikitiwa majini hutoa chembe ya haidrojeni iliyovuliwa elektroni yake, na chembe hiyo, ambayo wanakemia huiita ayoni ya haidrojeni, ndiyo inayotia uchachu wa ndimu, ukali wa siki na ugwadu wa ukwaju. Besi ni kinyume chake: ni kitu chenye kuipokea ile ayoni, na besi iyeyukayo majini huitwa alkali, neno ambalo Wazungu walilichukua kwa Waarabu, waliokuwa wakiliita al-qali lile jivu la mimea ya ardhi ya chumvi walilolitumia katika kazi ya sabuni na kioo. Ndiyo kusema kwamba mkaazi wa pwani anapolisikia neno hilo katika darasa la Kiingereza, asilione geni. Limezunguka tu, likarudi limevaa kofia.

Kwamba rangi za mimea hugeuka zikutanapo na vitu hivi ni jambo la kale. Robert Boyle wa Uingereza alieleza katika kitabu chake cha rangi cha mwaka 1664 jinsi maji ya maua ya urujuani yanavyokuwa mekundu katika tindikali na ya kijani katika alkali, na tangu hapo karatasi ya litimasi ikapata kazi yake katika maabara. Hapa sitaacha kutaja kwamba litimasi hutolewa katika kuvu zile zishikanazo na magome na majabali, jamaa ya marere yetu, ambayo katika karne ya 19 yalikusanywa katika pwani hii na kusafirishwa Ulaya kwa ajili ya rangi za nguo. Hata manjano ni shahidi wa namna hiyo hiyo: katika tindikali hubaki na umanjano wake, na katika alkali huwa mekundu. Mwenye nafasi na ajaribu kwa maji ya choya nyumbani, atie magadi kidogo kidogo, aone wekundu ukihama kuelekea buluu na kijani.

Lakini hayo hayajajibu swali la kanzu. Sabuni si alkali tu iliyotiwa katika kipande. Sabuni njema ni zao la alkali iliyokwisha kupambana na tindikali ya mafuta, na vitabu vyetu vilitufundisha kwamba tindikali na besi zikikutana kwa kipimo cha haki huuana, na mahali pao huzaliwa chumvi na maji. Basi ikiwa zimekwisha kuuana, ni nani huyu aliyeligeuza doa likawa jekundu?

Jawabu limo katika tofauti ya tindikali yenye nguvu na tindikali dhaifu, tofauti ambayo wengi wetu huielewa kwa upande usio wake. Mtu hudhani kwamba tindikali dhaifu ni ile iliyotiwa maji mengi, au ile isiyodhuru. Sivyo. Kutiwa maji ni habari ya wingi: ni kusema chembe ngapi zimo katika lita moja. Nguvu ni habari ya tabia, yaani wepesi wa kila chembe kuiachilia haidrojeni yake. Ama kudhuru, iko tindikali ya haidrofloriki, ambayo kwa hesabu ya wanakemia ni dhaifu, nayo hula kioo, na ikimpata mtu mwilini hupenya ndani hadi kwenye mfupa. Dhaifu hapa si laini.

Tuchukue matajiri wawili wenye hazina sawasawa, kila mmoja dinari mia. Wa kwanza ni karimu: akifika tu sokoni hufungua mfuko, na dinari zote mia zikawa mikononi mwa watu. Huyo ndiye mfano wa tindikali ya haidrokloriki, ile iliyomo matumboni mwetu, na ya nitriki, na ya salfuriki itiwayo katika betri za magari. Wa pili ni bakhili: naye yuko sokoni, naye ana dinari mia, lakini iliyo nje ya mfuko ni moja tu, na hiyo pia jicho lake liko juu yake. Huyo ndiye mfano wa tindikali ya siki. Katika maji yenye tindikali ya siki ya kipimo cha moja ya kumi ya moli kwa lita, katika kila chembe mia ni kama moja hivi iliyoiachilia haidrojeni, na kwa kipimo cha pH, kilichobuniwa na Sørensen katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen mwaka 1909, maji hayo husoma karibu 2.9, ilhali tindikali ya haidrokloriki ya kipimo kile kile husoma 1. Na kwa kuwa kila hatua moja ya pH ni mara kumi, ile ya haidrokloriki ina ayoni huru zipatazo mara 75 kuliko ya siki.

Walakini bakhili hakosi mali. Hili ndilo linalosahauliwa. Mwite mdai mwenye nguvu, yaani alkali kama sodiamu haidroksaidi, yale magadi ya moto ya watengeneza sabuni: ataichukua dinari iliyo nje, na bakhili, kwa kuwa desturi yake ni kuwa na moja nje, atatoa nyingine, nayo itachukuliwa, atatoa ya tatu, na hivyo hivyo hata mfuko ukauke. Kwa hiyo lita moja ya siki na lita moja ya haidrokloriki zilizo na wingi sawa wa chembe zitahitaji alkali sawasawa kabisa kuzimaliza, wala haisaidii kitu kusema kwamba moja ni dhaifu na moja ina nguvu.

Aliyeyaona hayo mapema alikuwa kijana wa Sweden, Svante Arrhenius, ambaye mwaka 1884 alipeleka tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Uppsala akidai kwamba chumvi na tindikali zikiingia majini hupasuka zikawa vipande vyenye umeme. Watahini hawakupendezwa, wakampa alama ya chini, ya kumpitisha tu bila ya kumheshimu. Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, aliisoma ile tasnifu, akafunga safari kwenda kumwona mwenyewe, na mwaka 1903 yule yule aliyepewa alama ya chini akatunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia. Moja ya mafumbo aliyoyafungua lilikuwa hili: wapimaji wa joto walikuwa wamekwisha kuona kwamba tindikali yoyote yenye nguvu ikizimwa kwa alkali yoyote yenye nguvu hutoa joto lile lile, karibu kilojuli 57 kwa moli, ukipenda iwe ya haidrokloriki au ya nitriki, magadi ya moto au potashi ya moto. Ilikuwaje vitu mbalimbali vitoe joto moja? Ilikuwa hivyo kwa sababu mapambano yenyewe ni mamoja: ayoni ya haidrojeni hukutana na haidroksaidi na kuwa maji, na waliobaki ni watazamaji. Siki hutoa joto pungufu kidogo, maana sehemu ya joto hutumika kumfungua bakhili vidole.

Katika shule niliyosoma palikuwa na bureti mbili tu zisizovuja kwa darasa zima, na siku tuliyofanya titresheni ya siki ya dukani iliyozidishwa maji mara kumi, yaani kuipima kwa kuidondoshea alkali hadi rangi igeuke, zamu yangu ilifika jua likielekea kuchwa. Kiashiria cha fenofthalini kilikuwa kimekwisha. Nikaona chupa ya methili chungwa, nikasema moyoni rangi ni rangi, nikatia matone matatu katika chupa ya siki, ikawa nyekundu, nikaanza kudondosha magadi ya moto. Wenzangu walikuwa wametumia karibu mililita 21, na wote walisimulia jinsi tone moja la mwisho lilivyoigeuza chupa kuwa ya waridi kwa ghafula. Yangu haikugeuka ghafula. Ilianza kuingia rangi ya chungwa mapema, ikaendelea kusitasita, chungwa, chungwa njano, njano, nami nisijue pa kusimama. Nikasimama penye mililita 6, nikaandika kwa herufi za kuthubutu kwamba mwenye duka anatuuzia maji.

Mwenye duka alikuwa hana taksiri. Methili chungwa hugeuka kati ya pH 3.1 na 4.4, na siki hufika 4.4 ikiwa imekwisha kuzimwa thuluthi moja tu au chini yake; nilikuwa nimesimama njiani nikadhani nimefika. Lau ningekuwa ninapima haidrokloriki, kosa langu lisingeonekana, kwa sababu tindikali yenye nguvu ikikutana na alkali yenye nguvu huenda kimya kwa muda mrefu, na mwishoni, kwa tone moja au mawili tu, huruka kutoka pH 4 hadi 10, na kiashiria chochote kilicho katika njia ya mruko huo husema kweli. Siki hairuki hivyo. Hupanda polepole kama mzee apandaye ngazi za mnara, na mruko wake ni mfupi na uko juu. Na pale ambapo chembe ya mwisho ya tindikali imelingana na chembe ya mwisho ya alkali, penye haki kamili, pH si 7. Ni kama 8.7. Fenofthalini, ambayo huanza kuwa ya waridi penye 8.2, ndiyo iliyoumbwa kwa ajili yake.

Kwa nini 8.7? Mbona haki imetendeka na mizani haikusimama katikati? Ni kwa sababu bakhili aliyenyang'anywa hasahau. Tajiri karimu aliyetoa dinari zake hazidai tena, na ndiyo maana chumvi ya mezani, mtoto wa tindikali yenye nguvu na alkali yenye nguvu, haielemei upande wowote. Lakini masalio ya tindikali dhaifu huona kiu ya haidrojeni yaliyoipoteza, na kwa kuwa jirani yake wa karibu ni maji, huyapokonya maji haidrojeni, na maji yaliyopokonywa hubaki na haidroksaidi mkononi. Na haidroksaidi ndiyo alkali. Wala si upande mmoja tu ulio na tabia hii. Amonia, ambayo ni besi dhaifu, ikizimwa kwa haidrokloriki huacha maji yenye kuelemea tindikali, kama pH 5.3 katika vipimo vya maabara, na hapo sasa methili chungwa niliyoikosea huwa ndiyo ya haki.

Basi kanzu yangu imepata jawabu lake. Sabuni ni mtoto wa alkali yenye nguvu na tindikali dhaifu sana ya mafuta. Ikiingia majini, masalio ya mafuta huyanyang'anya maji haidrojeni, maji yakawa na alkali, na manjano yakaona aliyekuwapo. Na ndimu ya bibi ilileta haidrojeni tele, ikawarudishia waliodai, na doa likatulia.

Nasaba hiyo hiyo yanayo magadi. Ziwa Magadi katika Bonde la Ufa la Kenya, ambako kampuni ya kuchimba magadi iliasisiwa mwaka 1911, na jirani yake Ziwa Natron upande wa Tanzania, ambako heroe huja kuzaliana kwa sababu maadui zao hawawezi kuvumilia tope lile, ni mabirika ya chumvi ya sodiamu na tindikali ya kaboni. Chumvi! Na bado maji ya Natron hupita pH 10, na mtu akitia kidole chenye mkato hulia. Mama atiaye magadi katika sufuria ya maharage ili yaive upesi anaitumia ile kiu ya bakhili. Na akizidisha, huziua vitamini na chakula kikawa na ladha ya sabuni, jambo lisiloshangaza kwa kuwa ni ndugu.

Zikikutana tindikali dhaifu na besi dhaifu, mruko haupo kabisa, na hakuna kiashiria cha kutegemewa. Lakini jikoni hilo halimzuii mtu. Harufu ya samaki aliyelala hutokana na besi dhaifu iitwayo trimethilamini, nayo hutuudhi kwa kuwa huruka hewani ikafika puani. Mwanamke wa pwani humwosha samaki kwa ndimu, na tindikali ya ndimu, dhaifu nayo, humpa ile besi haidrojeni moja, na besi yenye haidrojeni ya ziada ni chumvi, na chumvi hairuki. Imebaki pale pale juu ya samaki, ila haina tena mabawa. Nimewahi kumsikia muuza samaki mmoja akisema kwamba ndimu “inaizika” harufu, na sijapata tamko lililo sahihi zaidi kuliko hilo.

Ama chokaa ni habari ya peke yake, kwa sababu ni alkali yenye nguvu iliyo chache. Matumbawe huchomwa katika tanuri, kaboni daioksaidi ikatoka, na jiwe lililobaki hunyunyiziwa maji likavimba, likafuka mvuke na kuwa unga. Katika lita ya maji unga huo hauyeyuki hata gramu 2. Lakini hizo kidogo ziyeyukazo hutoa kila zilicho nacho, na maji hupita pH 12, tosha kuchoma jicho la fundi asiyejihadhari. Ukutani, alkali hiyo hukutana na tindikali ya kaboni, tindikali dhaifu inayozaliwa pale hewa ya kaboni inapoingia katika unyevu, na kwa kuwa hewa hiyo ni haba, mkutano wao huchukua miaka. Mwisho wake ni jiwe lile lile lililokuwa tumbawe. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kale huhesabiwa katika karne ya 11 au ya 12, umeshikwa na majibizano hayo. Dondosha siki juu ya kipande cha chokaa kama hicho kilichoanguka, si juu ya ukuta, tafadhali. Utaona povu, maana siki, dhaifu ingawa ni, ina nguvu kuliko tindikali ya kaboni, na aliye dhaifu humfukuza aliye dhaifu zaidi.

Mwilini mwetu pia tindikali na besi zimo. Mwenye kiungulia hupewa bikaboneti au magnesia, si magadi ya moto, kwa sababu besi ya upole huchukua haidrokloriki ya tumbo bila ya kuchoma njia inayopita. Na damu hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45 kwa sababu imebeba tindikali dhaifu pamoja na masalio yake, bakhili na mdai katika nyumba moja, kila mmoja akimrekebisha mwenzake. Lakini aliyemwagikiwa tindikali juu ya ngozi asipakwe alkali kwa hoja ya kwamba zitauana. Zitauana kweli, na zile kilojuli 57 zitatoka juu ya ngozi yake. Maji, na maji mengi, kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Kanzu ile niliivaa Ijumaa iliyofuata nikiamini kwamba ndimu imenitosha. Ilipofuliwa Jumamosi, wekundu ukatokea tena kama ulivyokuwa, maana ndimu ililituliza doa, haikuliondoa. Bibi akaniuliza kama nilikuwa nimeianika, nikasema niliianika kivulini, isipauke. Akaitwaa akaitandaza juu ya bati la banda la kuku, kifua juu, jua la saa sita likiipiga, akanambia niiache hapo siku tatu na nisiiguse. Jua huivunja rangi ya manjano yenyewe. Siku ya tatu nikaipaka sabuni, nikangojea, na nguo ikabaki nyeupe.